Dawa Iliyokaa Kwenye Kopo la Hina

Nafundisha biokemia katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa, na kila mwaka nikifika kwenye somo la histoni nakuwa mkali. Wanafunzi wamekwisha kulijua hilo. Wa mwaka wa pili huwaonya wa mwaka wa kwanza kwamba wiki hiyo mwalimu hana utani: usichelewe, usitafune kitu, usiulize kama swali litatoka kwenye mtihani. Wanadhani ni kwa sababu somo ni gumu. Si gumu. Ni somo linalonihusu mimi mwenyewe, na sijapata kuwaambia.

Nawaeleza hivi. Kila seli ya mwili wako imebeba DNA yenye urefu wa karibu mita mbili, nayo imeshindiliwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Haiwezi kukaa ovyo humo. Imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi ulivyozungushwa kwenye kibiringo cha cherehani. Pale uzi ulipokazwa sana, jeni zilizopo hazisomeki. Hazijaharibika, hazijapotea, ila seli haizifikii. Pale uzi ulipolegea, zinasomeka na kazi inafanyika. Kinacholegeza na kukaza ni alama ndogo ndogo za kikemia zinazobandikwa kwenye mikia ya histoni. Alama ya asetili hulegeza, na ikibanduliwa uzi hukaza tena. Methili ina mambo yake: ikibandikwa hapa hufunga, ikibandikwa pale hufungua, na hapo ndipo wanafunzi huanza kukuna vichwa. Viko vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubandika, na viko vingine ambavyo kazi yake ni kubandua. Maandishi yenyewe ya jeni hayaguswi. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho zina maandishi yale yale na hazifanani hata kidogo.

Halafu nawaambia kwamba ziko dawa zinazovizuia vile vimeng'enya vya kubandua, zikaacha wazi jeni ambazo zilipaswa kufungwa. Nikishataja hilo nafuta ubao upesi kuliko inavyohitajika.

Moja ya dawa hizo naimeza asubuhi na jioni tangu nina miaka kumi na minne. Ni dawa ya kifafa.

Nilianguka mara ya kwanza shuleni, kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima. Mimi sikumbuki kitu ila ladha ya damu mdomoni na viatu vingi vyeupe vya michezo vikiwa sawa na macho yangu. Mama alikuja kunichukua, akawaambia walimu kwamba nilikuwa na homa na sikunywa chai. Tulipofika nyumbani, katika hii hii nyumba ya Mji wa Kale ninayokaa sasa, alifunga mlango wa mbele mchana, jambo ambalo halikuwa desturi, akanikalisha mkekani.

"Jambo hili ni letu, la ndani," alisema. "Ukilitoa nje hutoolewa wewe, wala hatoolewa binti yeyote wa ukoo huu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Mama hakuwa mbaya. Alinipeleka hospitali kila mwezi, dawa hazikukosekana hata siku moja, na kwa dawa hizo nilikaa miaka bila kuanguka. Alichotaka ni watu wasijue tu, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Utii ule nimeujutia kuliko maasi yoyote ambayo ningeweza kuyafanya.

Posa ilipokuja, mama hakusema kitu, nami sikusema. Mwanamume mwenyewe alitoka mitaa mitatu tu kutoka kwetu, karani katika kampuni ya malori kule Shimanzi, mpole, mchache wa maneno. Alikuwa akirudi kutoka kazini na vumbi la makontena mpaka kwenye kope. Aliosha miguu kwanza, kisha ndipo akaja kunisalimu, kama vile kunisalimu na miguu michafu ni kunikosea adabu. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri sikumpenda.

Tulikaa ghorofani kwa mama yake. Swali langu la kwanza kama mke lilikuwa nitaziweka wapi dawa. Nilizitoa kwenye karatasi zake za rangi ya fedha, kwa kuwa zina jina na zina kelele, nikazitia kwenye kopo tupu la hina, nikaliweka nyuma ya vitu vyangu vya kujipamba. Hakuna mwanamume wa Mombasa atakayefungua kopo la hina la mkewe, nilijiambia. Tatizo lilikuwa jingine. Vidonge vile hunyonya unyevu, na hewa yetu ya hapa hata chumvi hailali kavu. Baada ya siku nne vilianza kunata. Nikafanya kile tufanyacho sote kwenye kopo la chumvi: nikatia punje za mchele mle ndani, na kila wiki nikazibadilisha. Nilijiona mjanja sana.

Daktari wangu alikuwa mtu wa bara, mtu wa kunyoosha maneno. Alipojua nimeolewa aliweka kalamu chini.

"Dawa hii usishike nayo mimba," alisema. "Inaweza kumuumiza mtoto uti wa mgongo na ubongo, tena katika wiki za mwanzo kabisa, kabla wewe mwenyewe hujajua kama una mimba. Ukitaka mtoto, tutakubadilishia. Lakini kubadilisha kunachukua miezi, na katika miezi hiyo unaweza kuanguka. Njoo na mumeo nimweleze."

Nikamwambia nitakuja naye. Mpaka hapo, akanishauri, nizuie uzazi. Basi kila miezi mitatu nikawa nakwenda kwenye zahanati moja Tudor, ambako hakuna aliyenijua, kuchomwa sindano. Fundo lenyewe ndilo hilo. Ili nizae lazima nibadilishe dawa. Nikibadilisha naweza kuanguka mbele ya mume wangu, nitokwe na povu, nijikojolee, naye ageuze macho. Ili asishtuke lazima nimwambie mapema. Na kumwambia ndilo jambo nililokatazwa nikiwa na miaka kumi na minne, na mlango wa mbele umefungwa mchana.

Mwaka wa pili wa ndoa nikapewa darasa la histoni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa maktabani natayarisha somo, nikafika kwenye orodha ya vitu vinavyozuia kubanduliwa kwa asetili, na dawa yangu ikawa pale, katikati ya orodha. Nilisoma mara mbili. Utulivu inaoutia kwenye ubongo unapitia njia nyingine. Hili la histoni ni jambo la pembeni, lililokuja kujulikana baadaye, na wanasayansi wanaona huenda ni sehemu ya sababu ya madhara kwa mimba. Kiumbe cha wiki tatu kina kazi ya kufunga na kufungua jeni kwa zamu kali sana, kila moja kwa wakati wake, na dawa hii inashikilia wazi kile ambacho zamu yake ya kufungwa imefika. Nilikaa pale nikamfikiria mtoto ambaye hayupo. Nilikuwa na hamu kubwa ya kurudi nyumbani nimwambie mtu kwamba nimeelewa. Hakukuwa na wa kumwambia. Nikaandika maelezo kwa ajili ya darasa, kwa mwandiko mzuri.

Mama mkwe alianza na kombe mwaka wa tatu. Alikuwa akienda kwa maalim mmoja, anaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha analeta sahani imefunikwa kwa kitambaa safi, anaosha maandishi kwa marashi na maji mbele yangu na kunipa ninywe.

"Kunywa, mwanangu, kwa jina la Mwenyezi Mungu," alikuwa akisema. "Nami nakuombea. Nakuombea kuliko niwaombeavyo niliowazaa."

Na alikuwa akiniombea kweli. Nilimsikia alfajiri, ukuta wa chumba chake ulipakana na wetu. Nilikunywa dua za mama wa watu wiki baada ya wiki huku nimechomwa sindano, na kila nikirudisha sahani nilijichukia upya. Mtaani nilikwisha kuitwa tasa. Hawakuniambia usoni, ila watoto wao walipoletwa kwangu walikuwa wakichukuliwa upesi. Niliacha waseme. Niliona tasa ni jina jepesi kuliko lile jingine.

Mume wangu hakuuliza kitu. Miaka mitano hakuuliza hata mara moja, na mimi nikakichukua kile kimya chake kuwa ni upole, kisha nikakichukua kuwa ni kutojali, na mwisho nikawa sikijui ni nini. Alikuwa akikata papai ananibakishia kipande cha katikati. Alikuwa akinitazama wakati mwingine kama mtu anayengoja kuitwa. Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana, bila ugomvi, alisema:

"Mimi simlazimishi mtu. Kama hutaki, hutaki. Nakupa talaka moja, na nyumba ya mamako ni karibu."

Nikafikiri maana yake ni kwamba siwezi kumzalia, na kwamba amechoka. Sikumuuliza ni nini hicho nisichokitaka. Mtu anayeficha jambo hajifunzi kuuliza maswali, anaogopa atarudishiwa moja.

Nikarudi kwa mama kukaa eda. Miezi mitatu, na katika miezi hiyo mume ana haki ya kumrejea mkewe kwa neno tu, bila harusi wala mahari mpya. Yeye alikuwa akipita uchochoro wetu kila siku akitoka kazini. Nilikuwa nakijua kishindo cha miguu yake. Kila alasiri nilikaa nyuma ya dirisha la juu nikimngoja apunguze mwendo, na kweli alikuwa akipunguza, kila siku, akifika mlangoni petu anakwenda kama mtu aliyebeba yai. Kisha anapita. Siku ya mwisho ya eda alisimama kabisa. Nilihesabu pumzi zangu. Ningeweza kufungua dirisha. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, hakunigusa, hakunikataza, na mimi sikufungua.

Yeye akaoa baada ya mwaka, akahamia Kizingo, akapata watoto. Mama mkwe akafariki, nikaenda kuhani nikakaa nyuma na wanawake, nikalia mpaka mtu akaniuliza kwani marehemu alikuwa nani kwangu. Mama yangu naye akaondoka. Nikabaki na nyumba ya vyumba sita. Sikubadilisha dawa, kwa kuwa hakukuwa tena na sababu ya kubadilisha. Napika kikombe kimoja cha wali na bado kinabaki. Majirani ni watu wema, wananipa salamu zote kamili, habari ya asubuhi, habari ya kazi, habari ya afya, na kwa zote jibu ni njema. Jumapili nikiwa sina darasa naweza kufika jioni nikagundua kwamba sauti yangu sijaisikia tangu Ijumaa.

Mwaka jana, alasiri moja, nilisikia hodi. Nilimjua kabla sijafika chini. Alikuwa amenenepa kidogo na ndevu zimeingia mvi.

"Hujambo, mwalimu?" alisema.

Mwalimu. Haya. Nikamkaribisha. Hakuingia, na isingefaa aingie; alikaa kwenye baraza ya nje, mimi nikaweka kigoda ndani ya mlango, milango yote miwili ikiwa wazi ili kila apitaye aone. Alitoa mfukoni chupa ndogo ya kioo.

"Nimekuya kukuuliza jambo kwa kuwa wewe wafundisha mambo haya," alisema, na akatazama uchochoroni pande zote mbili. "Mwanangu wa kike, yule wa miaka tisa, yuwaanguka. Hospitali wasema ni kifafa. Wamempa hizi. Mke wangu amezitia humu ili mtu asisome jina, asema tusimwambie mtu. Sasa zimelowa. Nataka kujua kama bado ni dawa. Na kama ni dawa nzuri."

Nikaishika ile chupa. Vidonge vilikuwa vimegandamana chini. Hata bila jina nilivijua. Mtu hashindwi kukijua kitu alichokimeza mara mbili kwa siku karibu maisha yake yote.

Nikajifanya mwalimu, kwa kuwa ndilo lililonijia. Nikamwambia hivi vilivyolowa asimpe, aende leo hii akachukue vingine, wala mtoto asikoseshwe hata kipimo kimoja, maana kukatisha ghafla ni hatari. Nikamwambia dawa inafanya kazi. Ila kwa kuwa ni mtoto wa kike, arudi kwa daktari aulize kama iko nyingine inayomfaa, kwa sababu hii, akija kuwa mtu mzima, hapaswi kushika nayo mimba. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza uzi na kibiringo, alama zinazobandikwa na kubanduliwa, na kiumbe kinachohitaji kufunga mlango huu kabla ya kufungua ule. Alinisikiliza vizuri kuliko darasa langu lolote. Miaka mitano tulilala chumba kimoja na hajapata kunisikia nikieleza kitu.

"Na hivyo vipya msivitoe kwenye karatasi zake," nikamalizia. "Karatasi ndiyo inayozuia unyevu. Mimi nilikuwa natia punje za mchele na bado vilikuwa vinanata."

Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anayempa jirani habari za jikoni. Nilipomtazama uso, nikajua nimesema nini.

"Punje za mchele," alisema. Kisha akaongeza: "Kwenye kopo la hina."

Nikaiweka ile chupa chini.

"Nililifungua mwezi wa kwanza wa ndoa," alisema. "Kishikizo cha kanzu kilianguka, natafuta sindano na uzi. Nikaona vidonge vimetolewa karatasi, vimefichwa. Tena mtu akaja akanambia amekuona zahanati ya Tudor, kwenye foleni ya sindano za uzazi. Basi nikajua." Alikuwa akisema huku akiyatazama magoti yake. "Nilidhani hutaki mtoto wangu. Nikasema nitangoja aniambie mwenyewe. Mama akidhani u tasa nami nikanyamaza, nisikuaibishe."

"Nilimtaka," nikasema. "Nilikuwa naogopa utaniona nikianguka."

Mzee wa nyumba ya tatu akapita, akatusalimu masalkheri, na sote wawili tukaitika kwa adabu na kumuuliza hali za nyumbani, mpaka akakata kona.

"Ningekushika," alisema.

Alikaa kidogo, kisha akainuka, akaniomba nimwambie mkewe yale niliyomwambia yeye. Nikasema amlete, na amlete na mtoto.

Walikuja Jumamosi. Mke ni mwanamke mzuri, mwoga kama nilivyokuwa, na mtandio ameushika kidevuni kana kwamba dari yangu ina macho. Nikawapa sharubati. Nilimwambia yote ya dawa, ya daktari, ya karatasi isiyotolewa. Kisha nikamgeukia mtoto, aliyekuwa na alama mbichi ya kuanguka kwenye paji la uso, nikamwambia kwamba mimi pia nina kifafa. Nilikuwa sijapata kulitamka neno hilo nikijisema mwenyewe, kwa mtu asiyekuwa daktari, na sauti ilinitoka kubwa mno. Nikamwambia asifiche. Awaambie walimu wake na shoga zake, wajue la kumfanyia akianguka, na siku akija mtu kumposa aambiwe kabla hajavua viatu.

Mama yake akainamisha kichwa. Mtoto alinitazama, akatazama ngazi inayopanda juu, akatazama vyumba vyenye milango iliyofungwa.

"Mimi nikianguka baba hunishika," alisema. "Weye wakushika nani?"

"Hebu nyamaza," mama yake akamwambia. "Mwalimu haulizwi hivyo."

"Mwache aulize," nikasema. Nikamjibu kwamba sina wa kunishika, na kwa hivyo kitanda nimekitoa, nalala na godoro chini.